Kabla Hujamcheka Mwanaume Aliyevaa Stokingi, Jua Zilikotoka

Chukulia kinyozi. Anafungua saluni saa mbili asubuhi, anafunga saa nne usiku, na katikati ya hapo kukaa kwake ni zile dakika tano za kumalizia chapati na chai. Miguu ikianza kuvimba jioni anasema ni uchovu tu. Mishipa ikianza kututumka nyuma ya goti kama mizizi ya mwembe anasema ni ya kurithi, maana hata mzee wake alikuwa nayo. Siku hali inapomzidia anakwenda hospitali, daktari anampima na kumwandikia soksi za kubana: ndefu, nzito, zinaishia chini ya goti, rangi ya chai ya maziwa.

Anazivaa. Wiki ya kwanza anashangaa, jioni miguu haiwaki moto tena. Wiki ya pili anainama kuokota kitana, suruali inapanda, na mteja aliyekaa kwenye foleni anaona.

"Oya kaka, hizo si stokingi za shemeji?"

Saluni nzima inaangua kicheko. Naye anacheka, atafanyaje? Kesho yake soksi zinabaki kabatini, na miguu inarudi kuvimba kama kawaida.

Jamaa huyu hahitaji jina, kwa sababu wako wengi. Yuko mlinzi anayesimama getini usiku kucha. Yuko mpishi wa hoteli, mwalimu, trafiki wa barabarani, dereva wa lori la masafa anayekaa siku nzima na miguu imening'inia. Wengine wanazivaa kwa siri, suruali pana juu yake, wanazivua kabla ya kufika nyumbani. Wengine wanaamua bora kuumwa kuliko kuchekwa.

Sasa hapa ndipo penye kichekesho chenyewe. Kwa miaka mamia stokingi ilikuwa fahari ya mwanaume. Wafalme walipigana vikumbo kuonyesha nani ana mguu mzuri ndani yake. Na hii ya kubana inayouzwa leo kwenye maduka ya dawa ilitengenezwa na mwanaume, mhandisi, kwa ajili ya miguu yake mwenyewe iliyokuwa na vidonda. Stokingi ni ya zamani. Aibu ndiyo imekuja juzi.

Mfalme aliyejisifia kigimbi

Mei 1515, mabalozi kutoka Venice walikwenda kumwona mfalme wa Uingereza, Henry VIII. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka 23, mrefu, mwanamichezo, na alikuwa na wivu na mfalme mpya wa Ufaransa. Akamuuliza mmoja wao: huyo Mfaransa ni mrefu kama mimi? Ni mnene? Na miguu yake je, ikoje? Akajibiwa kwamba miguu ya Mfaransa ni myembamba. Basi Henry akafungua vazi lake kwa mbele, akaweka mkono pajani, akamwambia balozi aangalie, na yeye pia ana kigimbi cha maana.

Ndiyo, mfalme mzima, mbele ya mgeni wa serikali, anajisifia kigimbi ndani ya stokingi. Wala hakuna aliyecheka. Enzi hizo mwanaume wa Ulaya mwenye uwezo alivaa koti fupi juu, na chini mguu wote ulionekana, umefunikwa na kitambaa kilichoubana. Mguu ulikuwa kama vile leo kijana anavyoonyesha mikono baada ya kutoka jimu.

Lakini ukubwani miguu hiyohiyo ilimgeuka. Kuanzia miaka ya 1530 Henry aliteswa na vidonda vya miguu vilivyokuwa vinafunga na kufumuka tena, vikitoa usaha, hadi alipofariki Januari 1547. Wanahistoria bado wanabishana chanzo kilikuwa nini: wapo wanaosema ni mishipa, wengine wanasema ni mfupa, wengine wanataja ajali ya farasi ya mwaka 1536. Watu wa pwani wangemwona wangesema tu ana donda ndugu. Yule aliyewaonyesha mabalozi kigimbi alimalizia maisha akiwa amefungwa bendeji, na miguu ikimpa shida kutembea.

Miaka 42 baada ya kifo chake, mwaka 1589, Mwingereza mwingine aitwaye William Lee, mkazi wa kijiji cha Calverton, Nottinghamshire, alitengeneza mashine ya kufuma soksi. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa mashine za mwanzo kabisa katika historia ya viwanda vya nguo. Husimuliwa kwamba Malkia Elizabeth I alikataa kumpa haki ya kuilinda kazi yake, akihofia wafumaji wa mkono wangekosa riziki. Lee akaenda kujaribu bahati Ufaransa. Kilichomfanya mtu ahangaike kubuni mashine ya soksi ni soko: kila mtu alikuwa anazitaka, na wanaume walikuwa wateja sawasawa na wanawake.

Kisha akaja mwenyewe, Louis XIV wa Ufaransa. Ukitaka kuona stokingi ikitamba, tafuta picha aliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701. Mfalme ana miaka 60 na ushee. Joho limejaa, wigi limejaa, lakini joho limevutwa pembeni makusudi ili miguu yote ionekane, stokingi nyeupe hadi juu, viatu vyenye visigino vyekundu, mguu mmoja umetangulizwa kama wa mcheza ngoma. Na kweli alikuwa mcheza ngoma. Ujanani alicheza baleti mbele ya watu wake, na mwaka 1653 alitokea jukwaani akiwa jua. Hiyo ilikuwa picha rasmi ya mtu aliyekuwa na nguvu kuliko wote Ulaya. Hakuna aliyemuuliza kama zile ni za shemeji.

Suruali ilivyoleta aibu

Kilichotokea baadaye kilikuwa siasa. Mwaka 1789 Wafaransa walipindua utaratibu wao wa zamani. Matajiri na watu wa ikulu walikuwa wanavaa kaptula za kubana zinazoishia magotini, na chini yake stokingi za hariri. Mafundi, wabeba mizigo na wachuuzi wa Paris walivaa suruali ndefu za kazi. Wanamapinduzi wa mtaani wakapewa jina la sans-culottes, yaani wasiovaa zile kaptula. Suruali ndefu ikawa alama ya kwamba wewe uko upande wa wananchi. Stokingi ya hariri ikawa alama ya kwamba wewe ni wa upande ule mwingine, na miaka ile upande ule mwingine ulikuwa unapoteza vichwa.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1800 suruali ndefu ikasambaa, ikapanda hadi kwa mabwana wakubwa. Stokingi za wanaume zikabaki kwenye sherehe za ikulu na kwa watumishi waliovalishwa sare. Mguu wa mwanaume ukaingia gizani, haukuonekana tena.

Wa mwanamke ulikuwa bado umefunikwa na gauni refu. Lakini miaka ya 1920 gauni zikapanda, na stokingi zikaonekana kwa mara nyingine, safari hii upande wa pili. Mei 15, 1940, stokingi za nailoni ziliingia madukani Marekani nzima na wanawake wakapanga foleni. Vita ilipokolea, nailoni ikachukuliwa kutengenezea miavuli ya askari wa anga, stokingi zikaadimika, na kadiri zilivyoadimika ndivyo zilivyozidi kuhesabiwa kuwa kitu cha mwanamke. Mwaka 1959 zikatokea taiti za nailoni, soksi na chupi vimeunganishwa.

Piga hesabu. Miaka mia tatu na zaidi stokingi ni vazi la mwanaume mwenye heshima zake. Halafu kama mia mbili amezificha, na kwa miaka mia hivi watu wamezizoea miguuni mwa wanawake tu. Vizazi vichache vikatosha kusahau kila kitu. Anayemcheka kinyozi leo anadhani anatetea jambo la tangu dunia iumbwe, kumbe anatetea fasheni iliyoanza wakati bibi wa bibi yake yuko hai.

Upande wa matabibu

Wakati mitindo inakuja na kuondoka, matabibu walikuwa na hesabu nyingine kabisa. Katika maandishi ya Kigiriki yaliyohifadhiwa kwa jina la Hippocrates, miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, tayari kuna onyo kwamba kusimama ni kubaya kwa mtu mwenye kidonda mguuni. Walijua dalili. Sababu hawakuijua.

Sababu ilianza kufahamika mwaka 1603, pale Padua, Italia, daktari Fabricius alipochapisha maelezo ya vilango vidogo vilivyomo ndani ya mishipa. Mwanafunzi wake Mwingereza, William Harvey, ndiye aliyeunganisha mambo, na mwaka 1628 akatoa kitabu kinachoonyesha kwamba damu inazunguka: inatoka kwenye moyo, inarudi kwenye moyo.

Hapo ndipo utaelewa shida ya kinyozi. Damu kushuka mguuni ni kazi nyepesi, moyo unasukuma na uzito wenyewe unasaidia. Kurudi juu ndiyo shughuli. Kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi kifuani ni kama kupandisha maji ghorofani, na pampu inayofanya kazi hiyo ni kigimbi. Ukitembea, msuli unajikaza na kuukamua mshipa wa vena, damu inapanda. Msuli ukilegea, vile vilango vinajifunga ili damu isirudi chini.

Mtu mzima akisimama tuli, presha ndani ya vena za kifundo cha mguu inafika takriban milimita 90 za zebaki, vipimo vilevile vinavyotumika kupima presha ya mkono. Akianza kutembea, kwa mtu mwenye vena nzima, inashuka chini ya 30. Kwa hiyo anayetembea siku nzima ana nafuu kuliko anayesimama sehemu moja siku nzima. Vilango vikichoka au vikiharibika, damu inarudi nyuma, vena inatanuka na kujisokota, maji yanavuja kwenye nyama, mguu unavimba. Miaka ikipita, ngozi ya karibu na kifundo inakuwa nyeusi na ngumu, inawasha. Siku moja anajikwaruza kidogo tu, na mkwaruzo ule hauponi.

Mtaani hapo ndipo watu wanapoanza kunong'ona. Amekanyaga kitu. Ametegewa. Anapelekwa kwa mganga, anapakwa majivu, miezi inapita, na kidonda kinapanuka. Kumbe tatizo liko juu ya kidonda, ndani ya mshipa.

Dawa ya kale kuliko zote ilikuwa kubana. Richard Wiseman, daktari mpasuaji wa Mfalme Charles II wa Uingereza, aliwavalisha wagonjwa wake soksi ya ngozi ya mnyama inayofungwa kwa kamba kama kiatu, ili mguu ubanwe sawasawa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1676. Shida ya ngozi ni kwamba hainyumbuki. Ilibidi dunia isubiri mpira: mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua namna ya kuupika mpira ili usiyeyuke kwenye joto wala kukakamaa kwenye baridi, na kufikia mwaka 1848 huko Uingereza soksi za kunyumbuka zilikuwa zimeshaandikishwa kama ubunifu mpya.

Mhandisi aliyeingia kwenye bwawa

Lakini soksi zile za mwanzo zilibana popote kwa kubahatisha. Aliyezipa akili alikuwa mgonjwa.

Conrad Jobst alizaliwa Ujerumani mwaka 1889, akahamia Marekani, akawa mhandisi na mbunifu katika mji wa Toledo, jimbo la Ohio. Alikuwa mtu wa mashine. Na alikuwa na miguu mibovu: vena zilizoharibika, vidonda visivyopona. Alijaribu tiba za wakati ule, nafuu haikuja. Kitu kimoja tu kilimpa ahueni, kusimama ndani ya bwawa la kuogelea. Akiingia majini maumivu yanatulia. Akitoka yanarudi.

Mtu mwingine angesema tu maji ni dawa. Jobst alikuwa mhandisi, akajiuliza kwa nini. Jibu lipo kwenye fizikia ya sekondari: kadiri unavyokwenda chini ndivyo maji yanavyobana zaidi. Kila mita moja ya kina inaongeza takriban milimita 74 za zebaki. Kwa hiyo mtu aliyesimama bwawani anabanwa zaidi kwenye kifundo cha mguu, kidogo kwenye goti, kidogo zaidi pajani. Na ukiangalia, presha ya damu kwenye vena za mtu aliyesimama imepangwa hivyohivyo, kubwa chini, ndogo juu. Bwawa lilikuwa linasukuma kutokea nje kile ambacho damu ilikuwa inasukuma kutokea ndani.

Basi akakaa na kufuma bwawa la kuvaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa ameshapata soksi inayobana kwa mpangilio: nguvu zaidi kwenye kifundo, ikipungua taratibu kuelekea juu. Alivaa mwenyewe, akapata nafuu, kisha akawatengenezea wengine. Alifariki mwaka 1957. Soksi za kubana zinazoandikwa na madaktari leo, ziwe za kampuni gani, zinafuata kanuni hiyohiyo.

Kwa hiyo yule mteja anayeuliza hizo ni stokingi za nani, jibu lipo. Zilikuwa za mzee mmoja fundi wa mashine aliyekuwa anataka tu kusimama bila maumivu.

Mchezaji aliyelazimika kujitetea

Ujuzi ukawepo, lakini aibu haikuondoka. Mwaka 1974 runinga za Marekani zilionyesha tangazo moja ambalo watu wanalikumbuka hadi leo. Kamera inaanza na miguu mirefu ndani ya taiti za nailoni, inapanda taratibu, mtazamaji anasubiri kumwona mrembo. Anatokea Joe Namath, nyota wa mpira wa Kimarekani, aliyeipa timu yake ya New York Jets ubingwa mwaka 1969.

Taiti zilikuwa zinauzwa kwa wanawake, na kichekesho cha tangazo kilikuwa mwanaume kuzivaa. Cha kuangalia ni maneno yake ya kwanza: aliharakisha kusema kwamba yeye hazivai, isipokuwa kama zimeweza kuipendezesha miguu yake, basi za kinadada zitakuwaje. Huyu ni mtu ambaye magoti yake yalikuwa yameshapasuliwa mara kadhaa, ambaye riziki yake ilikuwa kugongwa na wanaume wenye kilo mia na zaidi. Hata yeye alihitaji kujitetea kwanza.

Kilichoanza kuilegeza aibu ile ni uwanja wa kikapu. Msimu wa 2000 hadi 2001 Allen Iverson alivaa mkono wa kubana kwa sababu ya kiwiko kilichokuwa kinamsumbua. Mashabiki hawakuona ugonjwa, waliona mtindo, wakaanza kununua. Msimu wa 2005 hadi 2006 Kobe Bryant akatokea na taiti ndefu chini ya bukta, wengine wakafuata. Wakubwa wa ligi hawakufurahi, wakazungumzia kuzipiga marufuku. Leo hakuna anayegeuza shingo kuziangalia. Taiti za uwanjani zina kazi tofauti na soksi za hospitali, lakini zilifanya jambo ambalo madaktari walishindwa: zilimwonyesha kijana kwamba mwanaume anaweza kuubana mguu wake hadharani na akabaki mwanaume.

Na kwetu je?

Afrika Mashariki tuna historia yetu ya miguu iliyofungwa. Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa na Waingereza mwaka 1902, walivaa kaptula, na chini yake walizungushia mguu vitambaa virefu kutoka kwenye kifundo hadi karibu na goti. Waingereza waliuchukua mtindo huo India, na jina lake la Kiingereza limetokana na neno la Kihindi lenye maana ya kitambaa cha kufungia. Kazi yake ilikuwa kuukinga mguu na miiba, matope na wadudu, na kuushika msuli katika safari ndefu. Walikwenda nao Vita ya Kwanza ya Dunia, wakitembea kwa miguu kupita nchi nzima ya Tanganyika. Hakuna aliyesema wamevaa kike.

Wakoloni wenyewe, mabwana shauri na wakaguzi, walitembea na kaptula zilizopigwa pasi na soksi hadi magotini. Walimu na makarani wakaurithi mtindo huo, na wazee wengi wa leo wanamkumbuka mwalimu wao mkuu alivyokuwa anaingia darasani, fimbo mkononi, stokingi nyeupe zimevutwa hadi chini ya goti bila mkunjo. Watoto walitetemeka. Nani angemcheka?

Na kila Jumamosi watu wanajaa vibanda umiza kuangalia wanaume 22 waliovaa soksi ndefu za kubana hadi magotini. Wanazilipia kiingilio. Wanavaa jezi zao. Halafu Jumatatu mtu huyohuyo anamcheka kinyozi.

Ugonjwa hauulizi jinsia

Wapo wanaosema mishipa ya miguu ni ugonjwa wa akina mama, unatokana na kubeba mimba. Mimba kweli huchangia. Lakini watafiti wa Edinburgh, Scotland, walipowapima watu 1,566 wa mtaani wenye miaka 18 hadi 64, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, walikuta vena kubwa zilizojisokota kwa asilimia 40 ya wanaume na asilimia 32 ya wanawake, baada ya kusawazisha umri. Wanaume ndio walikuwa wengi. Suruali ndefu ilikuwa imeficha tu.

Na hapa ndipo kicheko kinapokuwa na bei. Soksi ya kubana haitibu vilango vilivyoharibika. Inasaidia wakati imevaliwa, na ikikaa kabatini haina faida. Kwa mtu mwenye kidonda cha vena, kubanwa vizuri kunafanya kidonda kipone haraka kuliko kuachwa bila kubanwa. Kwenye safari ndefu za ndege soksi hizi hupunguza damu kuganda kimyakimya ndani ya miguu. Hayo yamepimwa. Mengine yamepimwa na hayakuonekana: utafiti mkubwa wa Canada na Marekani uliotoka mwaka 2014 haukukuta kwamba zinazuia matatizo ya muda mrefu kwa mtu ambaye damu imeshaganda mguuni. Kwa hiyo si dawa ya kila kitu, na anayeziuza mtandaoni kwa kuahidi kila kitu anadanganya.

Halafu zina masharti. Kuna mtu ambaye mishipa yake inayopeleka damu mguuni, ateri, imeziba, na hii hutokea sana kwa wavutaji sigara na wenye kisukari. Huyo akivaa soksi kali anaweza kuunyima mguu damu kabisa. Ndiyo maana kabla ya soksi kali daktari hulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Nguvu nazo zinatofautiana, zipo za 15 hadi 20, za 20 hadi 30, hata 30 hadi 40, na saizi inapimwa kwa futi ya fundi nguo, kwenye kifundo na kwenye kigimbi. Zinavaliwa asubuhi mguu ukiwa bado haujavimba. Zikijikunja nyuma ya goti zinageuka kamba. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au pumzi ikaanza kubana, hapo habari ya soksi imekwisha, ni hospitali moja kwa moja.

Turudi saluni. Soksi za siku hizi zipo nyeusi, zipo za bluu nzito, zipo zenye mistari, mtu akiziona anadhani ni za ofisini. Hilo linasaidia. Lakini si kila duka la dawa linazo, na anayepata za rangi ya chai atavaa za rangi ya chai.

Kinyozi akizivaa tena na suruali ikapanda tena, si lazima awasimulie habari za Louis wala za bwawa la Ohio. Inatosha mtu mmoja kwenye foleni asicheke. Pengine ni yule mzee aliyekaa pembeni na gazeti, mguu wake mmoja umekuwa mweusi karibu na kifundo, kiatu amekilegeza kamba, na hajawahi kumwambia mtu. Yeye hatauliza ni za nani. Atasubiri watu wapungue, asogee karibu na kiti, aulize kwa sauti ya chini zinapatikana wapi.